Msanii anayekimbia nchi yake hajapigania uhuru, kajiokoa tu

MwalimuWaDansi (Moshi)

Wakuu salaam. Mi nafundisha watoto kucheza hapa Majengo, katikati ya wiki ngoma za kwetu, jumamosi asubuhi baleti. Ukumbi wa kukodi, sakafu ya simenti, pa kushikilia mkono fundi katuchomelea vipande vya bomba la maji, maisha yanaenda. Ukutani nimebandika picha za wachezaji wakubwa wa zamani. Sasa jumamosi iliyopita binti mmoja wa darasa la sita kazitazama weee kisha akaniuliza, mwalimu, mbona hawa Warusi wote unasema walihama kwao? Nikamjibu juu juu kwamba enzi zile ilikuwa Usovieti, serikali inawabana wasanii, ukisafiri nje unawekewa wa kukuchunga, ukirudi unahojiwa uliongea na nani. Akasema, kwaiyo wote walikimbia, hakuna hata mmoja aliyebaki akabisha?

Nimeenda nalo nyumbani hilo swali. Kwasababu yupo aliyebaki, Maya Plisetskaya. Baba yake alikamatwa 1937, mwanzoni mwa 1938 akapigwa risasi. Mama yake akapelekwa kambi ya wake za "wasaliti" kule Kazakhstan, na kichanga mkononi. 1943 Maya akaingia Bolshoi, kundi kubwa la baleti la Moscow, vita ikiwa bado inapiganwa, na 1949 kacheza mbele ya Stalin yuleyule kwenye sherehe za kutimiza miaka 70. Jaribu kuvuta picha unamchezea mtu aliyemuua baba yako na uso unatakiwa uwe laini. 1956 Bolshoi ikaenda London, yeye nyota, kaachwa Moscow. Mpaka 1959 ndo wakamruhusu Marekani, akaenda, akacheza, akarudi. Halafu 1967 akaleta Carmen iliyotungwa na Mkuba Alberto Alonso, muziki kaupanga mume wake Rodion Shchedrin, mapaja wazi na mapenzi wazi, waziri wa utamaduni Furtseva akachukia kabisa, onyesho la pili likafutwa. Wakapambana mpaka likarudi jukwaani na akalicheza mamia ya mara.

Hoja yangu ndo hiyo. Anayekimbia simlaumu, ila kajiokoa. Kupigania uhuru wa sanaa ni kubaki ukausukuma ukuta mpaka usogee. Karibuni, hasa mnaonipinga.

ChaliiWaNgarenaro (Arusha)

Mwalimu kwanza heshima, yani Majengo ileile ninayoijua mimi kuna watoto wanasimamia ncha za vidole? Ningejua ningemleta mdogo wangu, nyumbani anazunguka mpaka vikombe vimeisha.

Ila hoja siiungi mkono. Umemruka Rudolf Nureyev. Jamaa yuko Paris 1961, wanamkamata wamrudishe kwao, akaruka kizuizi cha uwanja wa ndege kama swala akaangukia kwa polisi wa Ufaransa. Ule mruko mmoja umeitikisa Usovieti kuliko maonyesho elfu ya huyo mama. Na unadhani walimlegezea Plisetskaya kwa ajili gani? Waliogopa asifanye kama Nureyev.

Mkutubi (Arusha)

Chalii hapo kwenye swala hapana. Ilikuwa uwanja wa Le Bourget, 16 Juni 1961. Kundi lake la Kirov, baleti ya Leningrad, linapanda ndege kwenda London, yeye anaambiwa wewe huendi, unarudi Moscow, mara unatakiwa ucheze Kremlin, mara mama yako mgonjwa. Akajua imeisha, akirudi hatoki tena. Rafiki yake wa Paris, Clara Saint, kaja kama anamuaga, akapanda juu kwa polisi wa uwanja. Wakamwambia sisi hatuwezi kumvuta, lazima aje mwenyewe. Wakashuka wawili wakakaa karibu. Nureyev akapiga hatua chache kuwafuata akasema nataka kubaki. Basi. Hatua chache tu, kwa kutembea. Mruko uliongezwa na magazeti, maana mtu anayejulikana kwa kuruka lazima watu waone karuka.

Na Plisetskaya kaachiwa 1959, Nureyev kakimbia 1961, kwaiyo hesabu yako imesimama kichwa chini.

ChaliiWaNgarenaro (Arusha)

Aisee. Sawa, mruko naufuta, na tarehe umenipata. Ila hatua chache zile ni ngumu kuliko kuruka, hilo sifuti.

DadaSakina (Arusha)

Hili neno "kajiokoa tu" limenichoma mwalimu, naomba niseme kama dada yako.

Mi niliwahi kuwa kwenye kikundi cha utamaduni cha taasisi fulani, sitaitaja. Tulikuwa na mchezo wetu wa dakika kumi na mbili, tumeutunga wenyewe, unahusu mama anayegombea shamba na mashemeji baada ya mumewe kufariki. Siku mbili kabla ya mgeni rasmi kuja tukaambiwa toeni ule wimbo wa katikati, wekeni wa kumkaribisha mheshimiwa. Tukatoa. Mwaka uliofuata mama mwenyewe katolewa, likabaki shamba na watu wanalima kwa furaha. Mi nikaacha. Hakuna aliyenifunga, hakuna aliyenifukuza, niliacha nikafungua duka la vitenge. Mwenzangu mmoja alibaki, na kila mwaka anasema anaubadilisha ule mchezo kutoka ndani. Ni mwaka wa tisa huu.

Kwaiyo kubaki siyo lazima uwe unapigana. Unaweza kubaki ukamalizika kidogo kidogo na hata hujui lini umekwisha.

MwalimuWaDansi (Moshi)

DadaSakina pole na asante. Nitalijibu vizuri jioni, hili siyo la kujibu nikiwa kwenye bodaboda.

MzeeWaRau (Moshi)

Vijana hamjambo. Mimi nilisoma uhandisi Leningrad, nilifika 1978. Baleti niliiona kwa macho yangu Kirov, nafasi za juu kabisa karibu na dari, unaona zaidi vichwa kuliko miguu, lakini tiketi ilikuwa bei ambayo hata mwanafunzi wa kutoka Kilimanjaro anaimudu. Ukumbi umejaa mafundi wa viwandani, walimu, mabibi wenye vitambaa kichwani. Msiipite haraka hiyo. Ile serikali mnayoiita dhalimu, na ilikuwa dhalimu, ndiyo iliyomchukua mtoto wa Kitatari kutoka Ufa, familia inaishi chumba kimoja na watu wengine, ikamlipia kila kitu. Nureyev aliingia shule ya Leningrad 1955 ana miaka 17, umri ambao kwa baleti umeshachelewa, wenzake walianza na miaka kumi. Alipewa mwalimu bora kabisa, Alexander Pushkin, mpaka akawa analala nyumbani kwa mwalimu. Bure yote.

Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa kahawa ya wazee wetu na kwa mkataba wa serikali mbili. Niliporudi nilipangiwa kituo nisichokitaka nikaenda. Sasa niulize, Nureyev alikuwa na deni au hakuwa nalo?

Na jambo lingine. Miaka yangu yote kule sikusikia mtu akimtaja jina. Siyo kumtukana, kumtaja. Nilimjua Nureyev nikiwa nimesharudi Tanzania, kwenye gazeti lililofungiwa vitumbua.

MoraniWaKisongo (Arusha)

Mzee shikamoo. Hilo la deni tulishike hapohapo.

Babu yangu alikuwa Monduli. Mwaka 1967 kwenda 1968 mkoa wetu huu wa Arusha ulitangaza operesheni ya kuwavalisha Wamasai suruali. Lubega marufuku, kujipaka mafuta na udongo mwekundu marufuku, ukija mjini ulivyo huhudumiwi ofisini na basi halikubebi. Babu alisimama barabarani basi likampita, la pili likampita, akatembea. Serikali ileile ilikuwa inajenga zahanati na visima, na babu alikuwa anakunywa maji ya kisima. Je, kwa yale maji alikuwa anadaiwa lubega yake?

Kwa mtu anayecheza, mwili ndo kitu chenyewe. Ukinisomesha unanidai kazi. Hunidai namna ninavyosimama.

Mkutubi (Arusha)

Na inauma zaidi ukikumbuka Desemba 1962 Mwalimu Nyerere anaanzisha wizara ya utamaduni anasikitika bungeni kwamba tunajua rumba na chachacha ila wachache wetu ndo wanajua gombe sugu, mangala, kiduo na lele mama. Alitaka tujivunie vya kwetu, na alimaanisha. Miaka mitano baadae mkoa mmoja unawavua watu vya kwao kwa jina la maendeleo. Serikali hiyohiyo, chama hichohicho.

TajiriWaMbuyuni (Moshi)

Mnalitukuza mno hili jambo. Mi naona ni pesa na majungu. Usovieti ilikuwa inapeleka Kirov na Bolshoi nje kutafuta fedha za kigeni na sifa, nyota akitoroka ni kama lori la mzigo limepotea Holili. Hakuna falsafa hapo. Halafu ndani ya kundi wenzako wanakuchongea ili nafasi yako ya safari waichukue wao. Nani aliyeripoti kwamba Nureyev anarudi hotelini usiku wa manane na Wafaransa? Siyo Khrushchev, mkuu wa Usovieti wa wakati ule.

DadaSakina (Arusha)

Majungu yapo kila mahali, hata kwaya ya kanisani yapo. Tofauti ni kwamba kwaya ya kanisani ikikuchongea unahama kanisa. Kule umbea wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa unaishia kwenye faili la KGB, makachero wa Usovieti, na faili ndo linaamua utaona mama yako tena au la.

TajiriWaMbuyuni (Moshi)

Hapo nimekuelewa dada. Ila pesa bado naishikilia.

MwalimuWaDansi (Moshi)

Nimerudi, nimetulia. Mzee wa Rau shikamoo, nafurahi sana kumbe kuna mtu hapa mjini kakaa Kirov kwa macho yake.

DadaSakina, umenifanya nisome upya nilichoandika. Ninakubali kubaki peke yake siyo kupigana. Ila Plisetskaya hakubaki hivihivi. Walipombania safari alikuwa anaandika barua, anagonga milango ya wakubwa, gari la makachero linamfuata mpaka nyumbani na yeye anaendelea kucheza, na watu wa Moscow walikuwa wanajaa kumshangilia kuliko inavyotakiwa mpaka wakubwa wanaona ni maandamano ya makofi. Huo ndo ukuta ninaousema. Nureyev alimpa zawadi kubwa mtazamaji wa Paris na London. Plisetskaya alimpa mtazamaji wa Moscow, ambaye hana pasipoti.

Mkutubi (Arusha)

Mwalimu naomba nikusumbue kidogo kwa nia njema. Plisetskaya amefariki Munich, 2015. Alihamia Ujerumani muungano wa Usovieti ulipokuwa unakufa. Kwaiyo hata huyo picha yake itabidi uiweke kundi la waliohama, ingawa alihama mlango ukiwa wazi.

La pili ndo zito zaidi. Baba alipouawa na mama alipopelekwa kambini, Maya alichukuliwa na mama yake mdogo, Sulamith Messerer, naye nyota wa Bolshoi, tena alikuwa bingwa wa kuogelea wa nchi nzima. Huyo ndo aliyehangaika mpaka dada yake akatolewa kambini. Alikaa Usovieti maisha yake yote ya kazi, akacheza, akafundisha, akapewa nishani. 1980 yuko Tokyo anafundisha, na mwanawe Mikhail yuko hukohuko na kundi la Bolshoi. Wakaenda wote wawili ubalozi wa Marekani wakaomba hifadhi. Miaka 71. Baadae akahamia London akaendelea kufundisha mpaka uzee wa mwisho.

Sasa niambie, aliyemlea mtu wako aliyebaki, alikuwa anapigana miaka yote ile au alikuwa anasubiri?

ChaliiWaNgarenaro (Arusha)

Miaka 71!! Bibi yangu wa 71 akiambiwa ahame Ngarenaro aende Njiro tu ni kikao cha ukoo.

MwalimuWaDansi (Moshi)

Mkutubi hilo la Sulamith nilikuwa silijui kabisa. Nimekaa kimya dakika kadhaa. Endeleeni tu.

NuruNjiro (Arusha)

Naona mnabishana kubaki na kukimbia kana kwamba ni njia mbili tu. Yupo aliyejaribu ya tatu, aliomba ruhusa. Valery Panov, wa Kirov, kazaliwa 1938 mwaka mmoja na Nureyev. Kijana wa miaka 21 walimpeleka Marekani 1959 wakamrudisha haraka kabla ya safari kuisha, na kwa miaka mingi baada ya hapo hawakumwamini tena kwenye nchi za magharibi. Jukwaani ni mkali, 1971 kwenye baleti ya Uumbaji wa Dunia amecheza shetani, humohumo Baryshnikov ni Adamu. Mwezi Machi 1972 akapeleka maombi ya kuhamia Israeli. Kisheria kabisa, kwa karatasi.

Wakamfukuza Kirov. Mke wake Galina, mchezaji mwenzake, wakamshusha cheo, akaondoka. Wakamweka ndani siku kadhaa kwa kosa la uhuni. Akawa anafanya mazoezi chumbani kwenye fleti, na mchezaji wa baleti asipofanya mazoezi mwaka mmoja mwili unajifunga, muda ndo adhabu yenyewe. 1973 wakamwambia sawa nenda, ila mke anabaki. Akakataa kuondoka bila Galina, akagoma kula. Nje waigizaji wa Uingereza wakasimama, Laurence Olivier miongoni mwao, ziara ya Bolshoi London ikawa hatarini. Juni 1974 wakawaachia wote wawili.

Huyu hakuruka wala hakutembea hatua chache. Alisimama palepale miaka miwili akirudia neno moja, naomba. Mi namuona yeye ndo aliyepambana kuliko wote hapa juu.

MoraniWaKisongo (Arusha)

Story kali lakini Panov hakuwa anapigania sanaa mkuu. Alikuwa anapigania kwenda Israeli kama Myahudi, maelfu ya Wayahudi wasio wachezaji walinyimwa ruhusa hivyohivyo. Tukimweka kwenye uhuru wa sanaa tunamvalisha nguo siyo yake.

NuruNjiro (Arusha)

Na babu yako alikuwa anapigania mavazi au Umasai wake?

MoraniWaKisongo (Arusha)

Duh. Ngoja niende nikachunge kwanza.

MzeeWaRau (Moshi)

Nuru, huohuo Juni 1974, tarehe 29, Baryshnikov akatoroka Toronto. Ndani ya mwezi uleule, mmoja kaachiwa kwa kelele za dunia, mwingine kaondoka mwenyewe. Nilipofika 1978 huyo naye alikuwa hatajwi.

Niongeze la waliobaki nyuma, maana naona hamjafika huko. Pushkin, yule mwalimu, baada ya 1961 alihojiwa na kuhojiwa. Alianguka barabarani Leningrad 1970, moyo, akafa, na Nureyev hakuweza kuja kuzika. Baba yake Nureyev, mkomunisti wa jeshini, alimkana. Yeye mwenyewe alihukumiwa miaka 7 hayupo mahakamani. Mama yake Farida aliongea naye kwenye simu tu, miaka yote hiyo, mpaka 1987 Gorbachev, kiongozi wa Usovieti, akamruhusu mtoto kuingia kwa masaa 48. Alimkuta mama yuko kitandani karibu hamtambui. Masaa 48 baada ya miaka 26.

Nilipouliza deni nilikuwa namfikiria Pushkin. Deni la serikali Morani kanijibu vizuri, nakubali. Deni la mwalimu sijui linalipwaje.

DadaSakina (Arusha)

Mzee hapa nimeshika shavu.

Na kuna Yuri Soloviev, aliyekuwa analala chumba kimoja na Nureyev kule Paris 1961. Mruko wake wanasema ulikuwa juu kuliko wa Nureyev. Yeye alirudi, akabaki Kirov, akapewa heshima zote. 1977 akakutwa amekufa kwa risasi kwenye nyumba yake ya shamba, miaka 36. Sisemi nini kilimuua. Nasema tu kwamba vitanda vilikuwa viwili chumba kimoja.

MhudumuKIA (Moshi)

Habari zenu, mi mgeni kwenye uzi, nafanya kazi uwanja wa ndege nikaona mmetaja viwanja. 1979 New York kuna hii ya Alexander Godunov wa Bolshoi, kaomba hifadhi, haraka mke wake Ludmila Vlasova wakampandisha ndege ya Aeroflot, shirika la Usovieti. Wamarekani wakaizuia isiruke, wanataka asikike mwenyewe kama anaondoka kwa hiari. Siku tatu ndege imekaa uwanja wa Kennedy na watu ndani! Mi abiria wakichelewa nusu saa pale KIA natukanwa. Mwisho dada kasema anarudi nyumbani, ikaruka. Hawakuishi tena kama mume na mke, talaka ikafuata 1982.

Nilichokuwa nataka kuuliza, je huyo dada alikuwa analazimishwa au alikuwa anapenda tu kwao? Maana kila mtu anamhesabu kama mateka.

MwalimuWaDansi (Moshi)

Swali zuri sana la mhudumu. Mama yake alikuwa Moscow, kazi yake Moscow, na ukisema mateka unamnyima na yeye uamuzi wake.

TajiriWaMbuyuni (Moshi)

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mwalimu umesema watoto wanaruka juu ya simenti? Hiyo itawamaliza magoti na vifundo, binti yangu alicheza netiboli kwenye simenti miaka mitatu sasa hivi akipanda ngazi unasikia kama kuni. Weka mbao. Chini fito, juu mbao, katikati pawe na hewa ili inese. Mi nauza mbao, paini ya West Kilimanjaro ninayo. Nitumie vipimo vya ukumbi.

MwalimuWaDansi (Moshi)

Mkuu umeniamsha. Mita tisa kwa sita. Ila ukumbi siyo wetu, itabidi iwe ya kuweka na kutoa.

TajiriWaMbuyuni (Moshi)

Tunakata vipande vya mita moja moja vya kupanga kama vigae. Nitakupigia hesabu bila faida.

ChaliiWaNgarenaro (Arusha)

Tajiri kumbe siyo pesa tu eeh!

Nirudi kwenye mada. Watu wanadhani haya ni ya zamani. Hapa kwetu 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo, halafu rais mwenyewe akasema aachiwe. Wengi walifurahi, mi nilijiuliza kama kufunguliwa kunategemea kuamka vizuri kwa mtu mmoja basi na kufungwa pia. Na huko Urusi kwenyewe hata leo bado. 2017 Bolshoi walikuwa wanaandaa baleti ya maisha ya Nureyev, siku chache kabla ikasimamishwa. Desemba ikaonyeshwa, muongozaji Serebrennikov yuko kifungo cha nyumbani. 2023 wakaitoa kabisa kwa sheria ile ya kukataza habari za mapenzi ya jinsia moja, na huwezi kusimulia Nureyev ukaruka hilo, jamaa alifariki kwa ukimwi 1993 na maisha yake yanajulikana. Yani kamkimbia Khrushchev, miaka 60 baadae wamemfukuza tena akiwa ameshakufa.

Mkutubi (Arusha)

Na Olga Smirnova, nyota wa Bolshoi, Machi 2022 kapinga vita ya Ukraine hadharani, akahamia Amsterdam. Mwalimu picha nyingine hiyo ya ukutani.

NuruNjiro (Arusha)

Kinachonishangaza mimi ni kwanini baleti. Mwandishi nitaelewa, anaandika maneno. Hawa hawasemi kitu. Wameinua mguu.

MzeeWaRau (Moshi)

Nuru, kwasababu baleti ilikuwa ni uso wa serikali. Mgeni akija Moscow anapelekwa kuona baleti ya Ziwa la Mabata (Swan Lake). Kiongozi akifa televisheni inaweka baleti. Tarehe 19 Agosti 1991 wale waliotaka kumpindua Gorbachev wakakata vipindi, nchi nzima ikawashiwa Ziwa la Mabata. Rafiki yangu niliyesoma naye aliniandikia, aliwasha televisheni asubuhi akaona mabata meupe akamwambia mkewe vaa, tukanunue mkate, kuna jambo. Hakuwa amesikia tangazo lolote bado. Sasa ukishaifanya ngoma kuwa uso wako, mchezaji akigeuza shingo ni uso wako umegeuka.

MoraniWaKisongo (Arusha)

Nimerudi. Mzee mi naona ni rahisi zaidi. Maneno unaweza kuyasoma kabla. Mwili hausomeki kabla, unauona ukishatokea, na ukishatokea watu elfu mbili wameshauona. Ndo maana wanaanza na nguo na miguu.

TajiriWaMbuyuni (Moshi)

Na tiketi za dola.

MwalimuWaDansi (Moshi)

Leo jumamosi nimewasomea watoto sehemu za uzi huu, zile zinazosomeka kwa watoto. Kumwambia binti jibu sikuweza, sina, na nyinyi mmezidi kunivuruga. Plisetskaya bado nampenda kuliko wote na hapo hamtanihamisha. Ila "kajiokoa tu" nalitoa lile "tu", DadaSakina umeshinda hilo.

Nilipofika kwa Sulamith yule binti akaniuliza, mwalimu, picha yake iko wapi? Nikatazama ukuta, sina. Akasema basi mmeweka aliyebaki na aliyekimbia, aliyefanya vyote hayupo. Mwenye picha yake inayoweza kuchapwa kubwa naomba.

Mkutubi (Arusha)

Ipo ya ujana wake akicheza na kaka yake Asaf. Nakutafutia yenye ubora mzuri, naleta kwa stationari ya hapa mjini wachape, nampa dereva wa Coaster kesho.

MzeeWaRau (Moshi)

Mwalimu, nina kijitabu cha programu ya Kirov cha wakati ule, mke wangu alikifunga kwenye plastiki. Watoto wanaanza saa ngapi?

MwalimuWaDansi (Moshi)

Saa tatu asubuhi mzee wangu, nyuma ya msikiti mkubwa ukiuliza ukumbi wa ngoma utaonyeshwa. Njoo na viatu vya kuvulia, Tajiri analeta mbao.